Kitabu Kwanza, Wimbo Baadaye: Kwa Wanaoongoza Vijana Kwenye Tamthilia za Muziki

Kikundi ninachosaidia kukiongoza hapa Dar es Salaam ni cha vijana wa sekondari, pamoja na wachache waliokwishamaliza kidato cha sita na bado hawataki kuondoka. Tunafanya mazoezi Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, kwaya ya wakubwa ikishamaliza zamu yake, na kila mwaka tunaandaa onyesho la nyimbo za tamthilia za muziki zilizotokana na vitabu. Hatuigizi tamthilia nzima. Tunachagua nyimbo, tunazipanga, na baina ya wimbo na wimbo kijana mmoja anasoma. Walimu wenzangu wa shule na wa makanisa wameniuliza mara nyingi waanzie wapi: sauti, maiki, maleba au vibali. Hayo nitayagusa. Ila mimi huanza na kitabu, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ndipo nilipoona vijana wakibadilika.

Kijana wa leo anakuja mazoezini akiwa ameshaujua wimbo. Ameusikiliza kwenye simu mpaka anajua mwimbaji wa London anavuta pumzi wapi na mkono unainuliwa kwenye neno gani. Anachokiiga ni uimbaji wa mtu mwingine. Yule aliyemo ndani ya wimbo hamjui. Muulize, "Huyu mtu leo amekula?" atakutazama tu. Tamthilia ya muziki haina nafasi ya kumjibu, kwa kuwa imelazimika kubana riwaya nzima ndani ya saa mbili au tatu. Kilichoachwa nje ndicho hasa anachokihitaji mwimbaji: nini kimetokea kabla ya noti ya kwanza.

Chukua Les Misérables. Victor Hugo alikichapisha mwaka 1862, kitabu kikubwa chenye sehemu 5. Tamthilia ya muziki ya Claude-Michel Schönberg na Alain Boublil ilianzia Paris mwaka 1980, ikaingia London kwa Kiingereza mwaka 1985, na tangu hapo karibu kila msichana mwenye sauti anautaka wimbo wa Fantine, ule anaouimba akiwa amefukuzwa kiwandani. Wengi huuimba kwa huzuni ya jumla tu, macho juu, kilio kikiwa karibu tangu mstari wa kwanza. Ukianza juu hivyo, hakuna pa kupandia.

Wape kwanza kurasa za sehemu ya kwanza ya kitabu. Watakuta kwamba mwaka 1817 Fantine alikuwa na mpenzi mwanafunzi jijini Paris. Yule kijana na wenzake watatu waliwaahidi wasichana wao jambo la kuwashtukiza. Wakawatembeza kutwa, wakawalisha hotelini, kisha wakaaga kwamba wanatoka kidogo. Kilichorudi ni barua ya kwaheri iliyoletwa na mhudumu, pamoja na habari kwamba bili imeshalipwa. Wasichana wale wengine wakaona ni mchezo mzuri, wakacheka. Fantine naye akacheka pamoja nao. Alilia saa moja baadaye, alipofika chumbani kwake, na kumbe alikuwa na mtoto.

Kicheko kile ni mali kubwa kwa mwimbaji. Msichana akishakisoma, hauanzi tena wimbo kwa kilio. Anauanza kama mtu anayesimulia jambo ambalo aliwahi kulicheka mbele za watu, na sauti inatulia yenyewe bila mimi kumwambia aishushe. Halafu pale muziki unapopanda, anapanda nao kwa sababu amefika kwenye kitu ambacho hawezi tena kukicheka.

Na kuna hesabu. Hugo ni mwandishi anayehesabu fedha za maskini hadi senti ya mwisho. Baada ya kufukuzwa kazi, Fantine anashona mashati ya askari kwa sou 12 kwa siku (sou ni sarafu ndogo ya Ufaransa ya zamani), na mtoto aliyemwacha kwa watu anamgharimu sou 10. Baadaye malipo yanashushwa hadi sou 9 kwa saa 17 za kazi. Anauza nywele zake kwa faranga 10. Anauza meno mawili ya mbele kwa faranga 40. Vijana wetu hawahitaji kufafanuliwa hesabu hii. Wana mama na shangazi wanaolipwa kwa kipande, na wapo walioachwa kwa bibi huku hela ikitumwa kila mwezi, siku nyingine isitoshe.

Nilipozisoma namba hizo ukumbini, msichana aliyekuwa auimbe wimbo aliuliza, "Mwalimu, kwa hiyo hapa anapoimba, nywele bado anazo?" Swali zuri kuliko hilo sijapata kulisikia mazoezini. Kwa mpangilio wa jukwaani bado anazo. Katika filamu ya mwaka 2012 wimbo ulisogezwa mbele, ukawekwa baada ya nywele na meno kwenda. Basi mwimbaji aamue: anaimba akiwa anayaogopa yanayokuja, au yameshamfika? Yule binti alichagua la kwanza, na tangu siku hiyo alikuwa akiimba mkono mmoja ukiwa umeshika msuko wake. Hakuna aliyemwelekeza.

Baba mmoja aliwahi kuja kunizungumzia wimbo huohuo. Nilimwamkia, tukakaa kwenye benchi la nje, akaniuliza kwa upole kwa nini binti yake aimbe maneno ya mwanamke wa namna ile, anayeishia kuuza mwili wake. Ni swali la haki, na kiongozi wa kikundi asikasirike akiulizwa. Nilimpa kurasa zilezile, katika tafsiri ya Kiswahili tuliyoitengeneza sisi wenyewe, akaenda nazo nyumbani. Aliporudi alikuwa na swali jingine: kwa nini msimamizi wa kiwanda alimfukuza bila hata kumsikiliza? Tukalizungumza hilo kwa muda mrefu. Binti aliimba. Hata hivyo wimbo huo siwapi walio chini ya miaka 16, na kila mara mzazi anajua mapema binti yake ataimba nini na ni nani anayeimba ndani ya wimbo huo.

Watoto wadogo wa kikundi wana wimbo wao humohumo: ule wa Cosette mdogo, anayejiimbia juu ya mahali pazuri ambapo hakuna anayemgombeza. Unaonekana mwepesi, noti zake chache na mwendo wake wa kubembeleza. Kitabuni Cosette ana miaka 8, anatumikishwa kwenye nyumba ya wageni kijijini Montfermeil, anafagia kabla hakujapambazuka, na usiku wa Krismasi ya mwaka 1823 anatumwa peke yake msituni kuteka maji kwa ndoo kubwa kuliko yeye. Wanakijiji wamempa jina la ndege mdogo anayeamka mapema kuliko wote na kuimba alfajiri. Kisha Hugo anaongeza kwamba ndege huyu maskini hakuimba kamwe.

Soma sentensi hiyo mbele ya mtoto atakayeimba, umpe muda. Kama Cosette haimbi kamwe, basi wimbo huu hakuna anayeusikia. Uko kichwani mwake. Mtoto akilielewa hilo anaacha kuitazama hadhira, anaacha kutabasamu kama yuko kwenye shindano, na maiki inabidi isogezwe karibu zaidi kwa kuwa anaimba taratibu sana. Mwacheni aimbe hivyo. Wazazi watainama mbele kusikiliza.

Jambo moja la historia lisahihishwe kabla hamjaimba zile nyimbo za Les Misérables za wanafunzi waasi kwenye vizuizi vya barabarani. Vijana wengi, na watu wazima pia, hudhani ni Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789. Ni uasi mdogo wa Juni 1832, uliolipuka kwenye mazishi ya Jenerali Lamarque, aliyekufa kwa kipindupindu wakati ugonjwa huo ukiwaua watu wengi Paris. Uasi ulizimwa kwa siku mbili. Kwa hiyo wale wanafunzi hawaimbi kama washindi wa historia. Wanaimba wakiwa wachache, wakingoja mji uamke uwaunge mkono, na mji hauamki. Kwaya ya vijana ikijua hivyo haiimbi kwa kifua cha gwaride. Inaimba huku kila mmoja akimtazama jirani yake.

Sasa Oliver!, kazi ya Lionel Bart iliyofunguliwa London mwaka 1960. Inaanza na wavulana wa nyumba ya maskini wakiimba juu ya vyakula wanavyoviota. Muziki unarukaruka, watoto wanaupenda papo hapo, na usipoangalia unageuka wimbo wa sherehe ya kufunga shule. Charles Dickens, aliyeanza kuitoa riwaya iliyoizaa, Oliver Twist, kwa mfululizo mwaka 1837, ameandika mgawo wenyewe: uji mwepesi mara tatu kwa siku, kitunguu mara mbili kwa wiki, nusu ya mkate mdogo Jumapili. Mabakuli hayakuwa na haja ya kuoshwa, maana wavulana waliyakwangua kwa vijiko mpaka yakang'aa. Yeyote aliyekaa bweni anaijua foleni ya uji, anajua jicho linavyofuata upawa.

Kisha lipo jambo ambalo wengi wamelisahau. Oliver hakusimama kuomba aongezewe kwa sababu ya ujasiri. Mvulana mmoja mrefu aliwatisha wenzake kwamba asipopata bakuli jingine kwa siku, huenda usiku mmoja akamla anayelala pembeni yake. Wakaogopa, wakapiga kura nani aende kuomba, na kura ikamwangukia Oliver. Tuliifanya kura hiyo mazoezini, kwa vikaratasi ndani ya kofia. Mtoto aliyefungua karatasi yenye alama alibaki ameishika, na wenzake wakarudi nyuma bila kuambiwa. Baada ya hapo wimbo haukuhitaji maelekezo mengi. Furaha ya muziki ilibaki, lakini njaa ilionekana machoni.

Katika tamthilia hiyohiyo kuna wimbo wa Nancy, anaouimba baada ya Bill Sikes, mpenzi wake mwizi, kumpiga, akisema ataendelea kuwa naye maadamu anamhitaji. Hapa naomba nisikilizwe vizuri na kila anayeongoza vijana. Wimbo huu una sauti nzuri mno, na unaimbwa kwenye mashindano na harusi kana kwamba ni wimbo wa mapenzi. Usimpe msichana wa miaka 16 auimbe hivyo. Dickens anaonyesha mwisho wake bila kuficha: Nancy anakwenda kwa siri kumwona Rose Maylie, msichana wa nyumba iliyompokea Oliver, anaahidiwa mahali salama, anakataa, anarudi kwa Sikes, na Sikes anamuua. Msichana asome mazungumzo yale ya Nancy na Rose, kwa sababu yanasikitisha kuliko mauaji yenyewe. Nancy anajua kabisa anakorudi.

Siku ya kuyasoma hayo hakikisha yupo mama au dada mkubwa anayeaminika chumbani, na wavulana wasitolewe nje. Wanahitaji kuyasikia kuliko mtu yeyote. Kijana anaweza kunyamaza kwa namna ambayo utajua kwao kuna kitu. Usimhoji mbele ya wenzake. Mjulishe kwamba namba 116 ni ya bure, hapa Tanzania na Kenya pia, na ni ya watoto. Ukiona huna nguvu ya kulibeba zoezi hili kwa uangalifu, acha wimbo huo, zipo nyimbo nyingine nyingi.

Si kila kitabu kinafaa kupewa watoto, hata kama tamthilia yake inafaa. Riwaya ya Gregory Maguire ya mwaka 1995 iliyozaa Wicked ni ya watu wazima, ina mambo ya chumbani na ya ukatili ambayo jukwaani, ilipotoka Broadway mwaka 2003 na muziki wa Stephen Schwartz, hayakuwekwa. Mzazi anayemnunulia binti wa miaka 12 kitabu hicho kwa sababu ameona wachawi wawili kwenye jalada atashtuka. Isome wewe, uchague kurasa, usimulie. Hali ni hiyo kwa The Color Purple ya Alice Walker, ambacho kinaanza na maumivu ya mtoto ukurasa wa kwanza kabisa. Nyimbo zake ninawapa wakubwa wa kikundi tu, na baada ya mazungumzo.

Matilda haina tatizo hilo. Kitabu cha Roald Dahl cha mwaka 1988 mtoto wa darasa la tano anakimaliza mwenyewe, na tamthilia ya Dennis Kelly na Tim Minchin, iliyoanzia Stratford mwaka 2010, ina wimbo wa bembea ambao watoto wanaimba juu ya siku watakapokuwa wakubwa. Ninachowaomba viongozi ni kimoja. Ndani ya wimbo huo inaingia sauti ya Bi Honey, mwalimu, na mara nyingi inapewa yeyote mwenye noti za juu. Mpeni msichana mkubwa, na asome sura za nyumba ya Bi Honey: mwalimu anayelipa kodi ya peni 10 kwa wiki kwenye kibanda kisicho na samani, kwa sababu mshahara wake wote unachukuliwa na shangazi yake. Huyo ni mtu mzima ambaye bado anangoja kuwa mkubwa. Wimbo mzima unaegemea hapo.

Ukiwa na wavulana ambao sauti zimekwishatua kwenye tenor na besi, na wamelelewa kwenye kwaya, watafutie Lost in the Stars. Kurt Weill na Maxwell Anderson waliitoa mwaka 1949, mwaka mmoja tu baada ya Cry, the Beloved Country, riwaya ya Alan Paton kuhusu mchungaji Kumalo anayetoka kijijini Ndotsheni kwenda Johannesburg kumtafuta dada yake na mwanawe. Kazi kubwa inabebwa na kwaya, na vijana wetu wanajua kubeba. Kisa kinaanza na barua inayoletwa na mtoto mdogo, na mchungaji na mkewe wanaiogopa, wanaigeuzageuza kabla ya kuifungua. Familia nyingi hapa kwetu zimewahi kuiogopa barua kutoka mjini, au simu ya usiku.

Kusoma kwenyewe tunafanyaje

Simwambii kijana amalize Hugo. Hatamaliza, na atauchukia mradi. Kila mwimbaji anapewa kurasa chache zinazozunguka wimbo wake, za kabla na za baada. Hugo na Dickens wamekufa zamani, 1885 na 1870, kazi zao ni huru, na zinapatikana bure kwa Kiingereza kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Mnaweza kupiga chapa bila kumwibia mtu. Vya Dahl, Paton au Walker mvinunue au mviazime maktaba. Nakala moja ikizunguka kwa zamu inatosha.

Akishasoma, mwimbaji anajibu maswali machache kwenye daftari lake. Ametoka wapi sasa hivi? Amekula nini? Nani mwingine yumo chumbani, au anadhani yumo? Anamwambia nani? Wimbo ukiisha anakwenda wapi? Majibu yawe mafupi na yawe ya kitabuni. Kijana akiandika "anahisi huzuni" mrudishie daftari. Akiandika "ametoka kulipwa sou 9 na mvua inanyesha", mwambie apande jukwaani, hata kama mvua ni yake mwenyewe.

Kutoka kurasa hizo tunachagua aya moja ya kusomwa mbele ya hadhira, nasi tunaitafsiri kwa Kiswahili pamoja, ubaoni, kila mtu akichangia. Kazi hii inachukua muda mrefu na inastahili. Nyimbo tunaziimba kwa Kiingereza kama zilivyo, na sehemu kubwa ya waliokuja kutusikiliza ni mama, bibi na wadogo ambao Kiingereza cha kuimbwa hakiwafikii. Aya ya Kiswahili inayosomwa kabla ya wimbo, taa zikiwa nusu, inamfanya bibi ajue kwamba huyu mtoto anayesimama sasa ametoka kuteka maji msituni. Anachohitaji baada ya hapo ni sauti. Nimewaona watu wakifuta macho kwenye wimbo ambao hawakuelewa neno lake hata moja.

Msomaji asichaguliwe kwa kuwa hana sauti ya kuimba. Tafuta anayesoma vizuri na umfanyishe mazoezi sawa na mwimbaji. Sisi nafasi hii imetusaidia sana kwa wavulana wa miaka 13, 14 ambao sauti inavunjika. Usimlazimishe mvulana wa namna hiyo ashikilie noti za juu za Oliver, au za Gavroche, yule mtoto wa mitaani wa Les Misérables, kwa kuwa mwaka jana aliziweza. Teremsha ufunguo, na ikishindikana mpe kitabu asome msimu huu. Sauti itatua, atarudi akiwa tenor au besi, na hatakuwa ameaibishwa mbele ya wenzake.

Vibali, na mapema

Kitabu kuwa huru hakuufanyi wimbo uwe huru. Hugo ni wa kila mtu, lakini muziki wa Schönberg na Boublil una wenyewe, na Lionel Bart alifariki mwaka 1999, kazi yake bado inalindwa. Kununua noti hakukupi ruhusa ya kuimba hadharani, na kuzirudufu kwa kwaya nzima ni kosa. Kiingilio kuwa bure hakuondoi haja ya ruhusa.

Haki za tamthilia nyingi kubwa zinatolewa na kampuni kama Music Theatre International na Concord Theatricals, zote za New York, na zinajibu barua pepe kutoka Afrika kama zinavyojibu za kwingineko. Jueni tofauti hii: kuimba wimbo mmoja mmoja mkiwa mmesimama, kama tamasha, ni jambo moja, mkivaa maleba, mkaweka mazungumzo na kuigiza kisa, linakuwa onyesho la tamthilia na linahitaji ruhusa ya wenye tamthilia yenyewe. Kwa hiyo elezeni kila kitu waziwazi: nyimbo zipi, mavazi gani, mtasoma nini katikati, ukumbi una viti vingapi, kiingilio ni kiasi gani. Wao waseme ni leseni ipi. Kama mna hamu ya kuigiza tamthilia nzima, ulizieni matoleo ya vijana. Les Misérables ina toleo la shule, na Matilda ina toleo fupi la takriban saa moja, yamepangwa kwa sauti changa. Kuutafsiri wimbo kwa Kiswahili na kuuimba ni haki nyingine ya kuombwa peke yake, na msianze kutafsiri kabla ya jibu. Hapa nyumbani, nendeni COSOTA kwa habari za hakimiliki na BASATA kwa usajili wa kikundi. Fanyeni haya kabla ya zoezi la kwanza. Inauma kumwambia mtoto aliyekwishaujua wimbo kwamba hautaimbwa.

Cha kwetu

Vijana wakishazoea kuuliza kitabu kabla ya wimbo, wataanza kuuliza vya kwetu viko wapi. Hapo usiwazuie. Pwani hii watu wameghani tenzi zilizoandikwa kwa karne nyingi. Kutoa sauti kwenye karatasi si jambo tuliloletewa na meli. Mwaka huu wakubwa wa kikundi wameshika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, na tumeanza kuzungumza na wachapishaji kuhusu ruhusa. Wameona haraka kuliko mimi kwamba kitabu kile kimejipanga tayari kwa kuimbwa: nchi inayoelea hewani, Waziri Majivuno anayemshitaki Karama, na Karama anayejitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande 6, wakarudi na manufaa kwa nchi yao, wakatupwa gerezani. Kila mjumbe ana safari yake, kila safari inaweza kuwa na mwendo wake wa ngoma.

Tumeshakubaliana kwamba Majivuno ni besi. Mabishano yaliyopo ni juu ya Karama. Wengine wanataka aimbe utetezi wake mwanzo hadi mwisho. Binti mmoja anashikilia kwamba Karama asiimbe kabisa: aseme tu, na wajumbe ndio waimbe wakitokea nyuma yake, kwa sababu kitabuni anasimulia mambo yaliyowapata wengine. Nimewaambia warudi kwenye kurasa za mahakamani, kila mmoja aje na mstari unaomuunga mkono.